Shauri Lisilokuwa Ukutani

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Ulyana alipanga ndara mlangoni jozi kwa jozi, kubwa upande wa dirisha, ndogo upande wa ngazi. Alimwaga maji ya theluji yaliyoyeyuka kwenye trei ya viatu. Halafu alichukua kitambaa, akapumulia kioo cha fremu iliyotundikwa kando ya ndoana za makoti, na kukifuta taratibu, kona moja baada ya nyingine. Ndani ya fremu mlikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, kwa lugha tatu: "Kwa Wageni Wetu Wapendwa." Mashauri ishirini na mawili. Watu wa nchi kumi na tisa walikuwa wamesimama pale wakayasoma huku wakivua viatu, na Ulyana, ambaye mbele ya watu wawili tu sauti yake ilikuwa inakauka, alijua kwamba kwenye karatasi ile angalau amesema.

Asubuhi ile alikuwa amefika kona ya tatu ya kioo aliposikia kicheko jikoni.

Kitambaa kikasimama. Kilikuwa kicheko cha Gleb. Na Gleb, mtoto wa mwenye nyumba, hakuwa mtu wa kucheka saa mbili kasoro. Kwa miaka mitatu aliyokaa akifanya kazi katika nyumba ile ya wageni, kwenye Kisiwa cha Vasilievsky, Ulyana alikuwa amejua kwamba Gleb hatoi neno kabla ya kikombe cha pili cha chai. Ukimwuliza kitu anaguna. Ukimwekea mkate anaguna tena, kwa namna nyingine. Ulyana alizijua namna zote za kuguna kwake, na alikuwa amezitunza moyoni kama mtu anavyotunza vifungo vizuri asivyo na vazi la kuvishonea.

Sasa alikuwa anacheka, tena kicheko cha tumboni, kikombe cha kwanza bado kinatoa mvuke.

Alipoingia aliwakuta wawili. Gleb alikuwa ameegemea jiko kubwa la vigae lililojaza kona nzima ya chumba, jiko la zamani kuliko nyanya yake, ambalo kazi yake msimu huu ilikuwa kulifufua. Mbele yake, huku amekaza uso kama askari wa zamu, alisimama Benedita, mgeni wa chumba namba tatu. Alitoka Porto, Ureno, alikokuwa anatengeneza vigae vya makanisa, na alikuja kwa mwezi mmoja kujifunza majiko ya namna hii.

"Ulya, njoo umwone!" Gleb akaita. "Shauri la sita! Mwezi mzima anajifunza kununa."

"Usiwatabasamie watu usiowajua mtaani," Benedita akasoma kwa kichwa, kwa Kirusi chake cha kuchechemea. "Si kwamba tuna hasira. Tabasamu letu tunaliweka kwa ajili ya wetu." Akajaribu kununa tena. Mashavu yakamsaliti.

"Bure kabisa!" Gleb akapiga paja. "Hata ukizikwa utakuwa unatabasamu wewe."

Ulyana naye akatabasamu, kwa sababu ilibidi. Lakini kitu kilimchoma chini ya titi la kushoto. Maneno yale yalikuwa yake. Alikaa siku mbili akiyatafuta, *tunaliweka kwa ajili ya wetu*, na alipoyaandika alikuwa anamfikiria mtu mmoja. Sasa yamekuwa mchezo wao. Mwezi mzima wamekuwa wakirushiana karatasi yake kama watoto wanaorushiana kofia ya mwenzao. Siku ya kwanza Benedita alinyoosha mkono kumsalimu Gleb juu ya kizingiti, na Gleb, badala ya kuupokea, akamshika kiwiko na kumvuta ndani, akisema, "Shauri la tisa, dada, juu ya kizingiti tunagombana tu." Ulyana aliona. Shauri la tisa lilikuwa limewashikisha mikono.

Yeye Ulyana, Gleb aliwahi kumgusa mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa tatu kama huu, barafu ikining'inia kwenye mapaa kama meno ya msumeno, na alimvuta kwa mkono wa koti kutoka kando ya ukuta dakika moja kabla kipande hakijaanguka. "Tembea katikati, jamani," alimwambia, akaendelea na safari yake. Ulyana alirudi nyumbani akaandika shauri la kumi na moja.

Siku hiyohiyo, Jumanne, mchana, Benedita alimkuta akikunja mashuka, akafunga mlango nyuma yake.

"Ulya, nina swali. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye karatasi." Akacheka kidogo, akafungua kitambaa alichokishika. Ndani mlikuwa na kigae kimoja, cheupe na buluu, upana wa kiganja. Alikuwa amechora jiko la jikoni, na paka wa jirani juu yake, na pembeni, kwa mistari minne tu, mgongo wa Gleb akiwa ameinama. Mistari minne, na ilikuwa yeye kabisa, hata lile bega la kulia linaloshuka kidogo.

Ulyana alikitazama hata macho yakamwuma. Miaka mitatu anauangalia mgongo ule, na hakujua kwamba mtu anaweza kuuchora.

"Ni kizuri," akasema.

"Jumamosi ni siku yake ya kuzaliwa. Mimi naondoka Alhamisi. Nataka nimpe kesho mezani, nimpongeze mbele ya mama yake. Inafaa? Kwenu si vibaya?" Halafu, upesi, kana kwamba aliona aibu: "Kama ni vibaya, nimeshauliza, tiketi yangu inabadilika. Naweza kukaa hadi Jumapili. Kusema kweli, ningependa kukaa."

Ulyana aliendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Ilikuwa vibaya. Katika jiji lile mtoto wa shule ya chekechea anajua kwamba humpongezi mtu kabla ya siku yake kufika. Baada, hata wiki nzima, sawa. Kabla, hata saa moja, hapana. Kwenye karatasi halikuwamo kwa sababu halikumpitia kichwani kwamba kuna mtu duniani asiyelijua. Ni kama kumwandikia mgeni asiweke mkono motoni. Na katika nyumba hii lilikuwa vibaya zaidi kuliko nyumba zote. Marehemu Stepan, baba yake Gleb, alipongezwa na wenzake wa kiwandani siku ya Ijumaa, na keki juu, kwa sababu siku yake iliangukia Jumapili. Jumamosi alikwenda kuvua samaki kwenye barafu, na barafu ikakatika. Rimma Arkadyevna, mjane wake, alilisimulia jambo hilo mara moja kila mwaka, kwa sentensi tatu, na baada ya hapo hakuna aliyekula.

Yote hayo Ulyana aliyajua. Alichopaswa kusema kilikuwa kifupi: hapana, usimpe, subiri. Na Benedita angesubiri. Angebadilisha tiketi. Jumamosi angekaa kwenye ile meza ndogo kando ya Gleb, mahali alipokaa mwezi mzima, na kigae kingetolewa, na Gleb angeuona mgongo wake kwa macho ya mwanamke aliyeutazama vizuri. Na keki ya asali, ambayo Ulyana alikuwa ameshanunua unga wake, mgeni ndiye angepewa kisu aikate.

"Ulya?"

"Si vibaya," Ulyana akasema. "Mpe tu kesho."

"Kweli? Hakika?"

"Hakika. Atafurahi."

Benedita akamkumbatia. Alinuka rangi na sabuni ya limau. Ulyana alisimama mikono imemlegea ubavuni, shuka limekwama katikati yao.

Chakula cha Jumatano kilikuwa supu ya kabichi na chapati za maji, maana Rimma Arkadyevna alitaka kumuaga mgeni kwa heshima. Meza ya jikoni ilikuwa ya watu watatu; wanne walikaa kwa kubanana, na Ulyana, kama kawaida, alikaa pembeni kabisa, ncha ya meza ikimchoma tumboni.

"Toka hapo kwenye pembe, Ulya," Rimma Arkadyevna akamwambia, kama alivyomwambia kila siku. "Msichana anayekaa pembeni mwa meza anakaa miaka saba bila mume. Nimeshakuhesabia mitatu."

"Shauri la kumi na nne," Gleb na Benedita wakasema kwa pamoja, wakaangua kicheko.

"Nimezoea hapa," Ulyana akasema.

"Amezoea! Mtu anazoea jino bovu. Kula, binti yangu, umekonda kama ufagio. Na wewe, Benedita, ongeza krimu, kwenu Ureno hamna krimu kama hii."

"Hamna, Rimma Arkadyevna. Nitalia kwenye ndege."

"Lia, lia. Mgeni asipolia tunajua hatukumlisha."

Walikuwa na furaha. Ulyana alikitazama kijiko chake. Bado kulikuwa na nafasi. Angeweza kumkanyaga Benedita mguu chini ya meza. Angeweza kumwita pembeni, njoo nikuonyeshe kitu. Akasema moyoni, nikimaliza chapati hii. Akaimaliza. Akachukua nyingine.

Benedita akasimama, akatoa kile kitambaa.

"Gleb," alisema, na ilionekana alikuwa amekariri. "Jumamosi sitakuwepo. Kwa hiyo leo nakupongeza kwa siku yako ya kuzaliwa. Uishi miaka mingi, na..."

Hakufika mwisho. Bakuli la krimu lilidondoka kutoka mkononi mwa Rimma Arkadyevna. Halikuvunjika, lilizunguka tu sakafuni, na wote walisikia lilivyozunguka mpaka likatulia. Mama yule aligeuka akatema mate mara tatu juu ya bega la kushoto, kufukuza mkosi. Halafu akainua kitambaa cha plastiki cha meza kwa pupa, akitafuta mbao chini yake, akazigonga, akazigonga tena.

"Mama," Gleb akasema. "Mama, hajui. Ni mgeni."

"Nimeona kwamba ni mgeni." Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya chokaa. "Mwezi mzima amekula hapa. Hakuna aliyemwambia? Nani kakwambia ufanye hivi, wewe mtoto?"

Benedita alikuwa bado amesimama, kigae kimeelekezwa mbele kama sahani tupu. Akamtazama Ulyana. Mtazamo haukuwa mrefu. Ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Ulyana alihisi damu ikimpanda masikioni, akainamia chapati yake.

"Hakuna aliyeniambia," Benedita akasema. "Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Nisamehe, Rimma Arkadyevna."

Gleb alikipokea kigae bila kukitazama, akakilaza kifudifudi dirishani. Mama yake alikwenda chumbani kwake. Chapati zilipoa.

Wanasema wivu ni moto, lakini Ulyana siku ile aliujua kama baridi. Alikuwa ameosha vyombo nusu saa kwa maji yaliyochemka na vidole bado vilikuwa vya barafu. Benedita alikuja akachukua taulo, akaanza kukausha sahani kando yake. Walifanya kazi hivyo, moja baada ya nyingine.

"Labda ulisahau," Benedita akasema mwishowe, taratibu. "Mtu akiijua sana desturi, anaisahau."

Ulikuwa mlango, na aliufungua yeye mwenyewe, akaushikilia. Ulyana alichohitaji kufanya ni kupita tu.

"Ndiyo," akasema. "Nilisahau."

"Basi." Benedita akaweka sahani ya mwisho kabatini. "Haya hutokea."

Na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Hata katika hili Benedita alikuwa amemshinda. Mgongo wa Gleb aliuchora yeye, kicheko cha asubuhi alikipata yeye, na sasa wema pia ulikuwa wake. Ulyana alibaki na nini? Ukweli kwamba anajua mashauri ishirini na mawili.

Jioni, akipita kwenye korido na mashuka safi, alisikia sauti nyuma ya mlango wa Rimma Arkadyevna.

"Lakini tulishakubaliana, mama. Kiangazi arudi tumalize jiko la sebuleni. Peke yangu siwezi vile vigae."

"Tafuta mtu mwingine. Hapa hatakanyaga."

"Kwa neno moja tu?"

"Baba yako naye aliambiwa neno moja tu. Simchukii, Gleb. Lakini nikimwona nitaiona Jumamosi ile. Umeelewa?"

Gleb aliguna. Ulyana aliijua namna hiyo ya kuguna. Hakuwahi kuisikia ila siku za kumbukumbu ya marehemu.

Basi ameshinda. Benedita anaondoka kesho, Jumamosi hatakuwepo, kiangazi hatarudi. Ulyana aliyapanga mashuka kwenye rafu, pembe kwa pembe, akingoja furaha ifike. Haikufika.

Alhamisi asubuhi alizipanga ndara. Alipofika kwenye fremu, alipumulia kioo lakini hakukifuta. Alisimama akautazama ukungu wa pumzi yake ukijikusanya na kutoweka, na maneno yake yakitokea tena moja moja. Kila moja lilikuwa kweli. Hakuna mgeni aliyewahi kupotezwa na karatasi ile. Watu walikuwa wameipiga picha, wakaenda nayo Lima, Ankara na Seoul, kwa sababu waliamini kwamba aliyeiandika anawatakia mema.

Sanduku la Benedita lilikuwa tayari mlangoni. Gleb alishuka ngazi amevaa ile skafu nzuri ya sufu, funguo za gari mkononi, maana yeye ndiye angempeleka uwanja wa ndege. Ulyana aliiona skafu, na hata sasa, hata baada ya yote, ikamchoma.

Rimma Arkadyevna alitoka chumbani kwake. Hakuwa amempa mgeni mgongo. Alikuwa na adabu zake. Alimtia mkononi mfuko wa karatasi wenye pai mbili za kabichi.

"Za njiani," akasema. Halafu, kwa sauti ya mazoea: "Haya. Tuketi kabla ya safari."

Wakaketi. Mama kwenye kiti cha simu, Gleb kwenye benchi la kuvulia viatu, Benedita juu ya sanduku lake, Ulyana kwenye kigoda chini ya fremu. Ilikuwa shauri la ishirini na mbili, la mwisho, na aliliandika hivi: *Kabla ya mmoja wetu kuondoka, sote tunaketi dakika moja. Usiseme neno. Acha nyumba ikuage.*

Bomba la joto liligonga mara moja ukutani. Nje, barafu ya paa ilidondosha maji kwenye bati, tone, tone. Benedita alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imekumbatia mfuko wa pai, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa amenuna kama inavyotakiwa, bila kujaribu. Gleb alikuwa anaitazama sakafu. Bega la kulia limeshuka.

Dakika ile ni fupi. Ikiisha, Rimma Arkadyevna atajipiga viganja magotini, atasema "Nenda na Mungu," na mlango utafunguliwa, na baada ya hapo itakuwa ni jambo lililopita, na Jumamosi kutakuwa na keki ya asali.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Ulyana akasema.

Rimma Arkadyevna akainua kidole, kwa mshtuko, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani.

"Aliniuliza. Aliniuliza mara mbili." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikipanda na kushuka bila yeye kuiamuru, lakini ilikuwa inatoka. "Alisema kama ni vibaya atabadilisha tiketi, atakaa. Nikamwambia si vibaya. Sikusahau, Benedita. Jana nilidanganya tena. Nilimkumbuka Stepan wakati ule ule ninaongea, Rimma Arkadyevna, na bado nikasema. Mwache yeye arudi kiangazi. Mimi ndiye nisiyestahili kukanyaga hapa."

Dakika ilikuwa bado haijaisha, na hakuna aliyethubutu kusimama.

"Kwa nini?" Gleb akauliza. Alikuwa ameinua uso, na alimtazama kama alivyotazama jiko siku alipobomoa mlango wake na kukuta ndani masizi ya miaka mia.

Ulyana alishika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Kwa sababu Jumamosi sikutaka awepo mtu mwingine kando yako," akasema. "Mimi ndiye ninayetaka kukaa hapo, Gleb. Nimechoka kukaa pembeni."